Pakeji ya Mbugani: Maswali Yenu, Majibu Yetu

Barua za wasomaji zimejaa swali lile lile lenye sura nyingi: pakeji ipi ya kwenda mbugani ichukuliwe. Tumechagua tisa. Ada tunazozitaja hazijumuishi kitanda wala chakula, na mamlaka huzipitia upya mara kwa mara, hasa Julai mwaka wa fedha wa serikali unapoanza. Zihakikisheni kabla ya kutoa fedha.

SWALI: Habari za kazi. Tuna watoto watatu, wa miaka 4, 9 na 14, na tunataka kuwapeleka mbugani likizo ya Desemba kutoka Dar. Tumepewa pakeji mbili. Moja ni siku nne kuanzia Arusha: Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Nyingine ni siku tatu Mikumi tu. Ile ya mbuga nne bei yake si mbali sana na ya Mikumi. Tuchukue ipi? — Mama Irene, Kimara

Mama Irene, usihesabu mbuga, hesabu saa. Wanyama huhangaika kuanzia saa 12 asubuhi hadi kama saa 4, kisha tena kuanzia saa 10 hadi jua linapozama. Katikati ya hapo simba amelala kivulini na chui yuko juu ya mti. Chukua ratiba ya siku nne, uulize kila siku: saa 12 asubuhi tutakuwa wapi? Saa 11 jioni tutakuwa wapi? Jibu likiwa "barabarani", muda huo umelipia jina la mbuga tu.

Sasa tazama njia. Kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni kama kilometa 320. Lami inaishia geti la Lodoare pale Ngorongoro. Mbele yake sehemu kubwa ni vumbi na vijimawimbi vinavyotikisa gari hadi meno yanagongana. Ni saa saba hadi nane, na mtarudi njia hiyo hiyo. Manyara kwenye ratiba za namna hii hupachikwa njiani kwa saa mbili za mchana. Ongeza basi la Dar hadi Arusha, siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, pamoja na mtoto wa miaka minne anayeuliza kila baada ya dakika kumi kama mmefika. Hizo siku nne ni sita, na asubuhi za kweli porini hazizidi mbili.

Mikumi ipo kilometa 283 kutoka Dar, na geti la Kikoboga liko kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa. Mnaweza pia kupanda treni ya SGR hadi Morogoro, ambako kampuni itawapokea kwa gari. Kutoka hapo ni kama kilometa 100. Usiku mbili zinawapa jioni ya kufika, siku nzima, na asubuhi ya kuondoka. Kwenye uwanda wa Mkata mtaona tembo, twiga, nyati, pundamilia, nyumbu, na simba mkijaliwa, na bwawa la viboko halina msimu. Faru hakuna, chui huonekana kwa nadra. Kwa watoto ambao hawajawahi kuona twiga akinywa maji, inatosha na kubaki.

Ulizeni mambo matatu. La kwanza, mnalala ndani ya hifadhi au Mikumi mjini? Mkilala mjini mtatumia kama nusu saa kufika getini, na geti hufunguliwa saa 12 asubuhi. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ina mabanda yake ndani, ya kawaida lakini yako mahali pake. La pili, gari ni la magurudumu manne yanayovuta? Desemba ni vuli, na vijinjia vya pembeni huteleza. La tatu, ada za watoto zimehesabiwaje? Aliye chini ya miaka 5 haingii kwenye hesabu, wa miaka 5 hadi 15 hulipa kiwango cha mtoto. Bebeni vitambulisho vya NIDA na nakala za vyeti vya kuzaliwa, kwa sababu karani wa getini hana namna nyingine ya kujua. Msiwavishe watoto bluu iliyokolea wala nyeusi: mbung'o hupenda rangi hizo, na wakiuma huuma kweli, hata juu ya nguo.

Msishawishike na ile ya "Mikumi kwenda na kurudi siku moja". Mtaingia saa 5 wanyama wakienda kulala, mtoke saa 9 wakianza kuamka.

Moyo ukikataa kuiacha kaskazini, basi iwe siku tano za huko huko, bila kuhesabu usafiri wa kufika Arusha, na mbuga mbili: Ngorongoro na Serengeti ya kusini. Desemba nyumbu huanza kuteremka kwenye mbuga za majani mafupi upande wa Ndutu. Tarangire muiache mwezi huo, maana mvua zikishanyesha tembo wengi hutawanyika nje ya hifadhi. Utamu wake ni Julai hadi Oktoba, mto unapokuwa ndio maji pekee.

SWALI: Tupo sita, watumishi wa ofisi moja Moshi. Kampuni mbili zimetupa ratiba inayofanana kabisa: Tarangire, Serengeti usiku mmoja, Ngorongoro, siku nne. Moja ni nafuu kwa karibu theluthi. Mwenzetu mmoja mumewe ni Mjerumani na yeye ndiye analalamika zaidi kuhusu bei. Tofauti inatoka wapi? — Kikundi cha sita, Moshi

Anza na huyo shemeji, maana hesabu yake na yenu hazifanani. Raia wa Afrika Mashariki Serengeti hulipa shilingi 10,000, na Ngorongoro vivyo hivyo. Ukiweka VAT ya asilimia 18 inakuwa 11,800 kila sehemu. Mgeni hulipa kwa dola: Serengeti 70, Ngorongoro 60, Tarangire 50 msimu wa juu, na VAT juu yake. Kwenye ratiba yenu Ngorongoro inalipwa mara mbili, kwa sababu barabara ya kwenda Serengeti inakatiza ndani ya eneo la hifadhi na kupita kunahesabiwa kuwa kuingia. Hesabu ya shemeji, VAT ikiwemo, ni 59 ya Tarangire, kisha 70.80 ya kupita Ngorongoro, kisha 82.60 ya Serengeti, kisha 70.80 ya kurudi Ngorongoro na kushuka kreta, lile bonde la volkano. Jumla dola 283.20, na bado hajalala wala hajala. Kampuni itakayompa bei ya safari nzima inayokaribia hapo inakusudia kuruka kitu. Ndoa haimpunguzii ada. Kila mtu hutozwa kwa kitambulisho chake.

Ninyi sita, kinyume chake, ada kwenu ni sehemu ndogo. Kinachowala ni gari. Land Cruiser moja hutumia dereva yule yule na karibu mafuta yale yale ikibeba wawili au sita, na ada ya kushuka kreta hutozwa kwa gari, kwa kila mshuko, si kwa kichwa. Ndiyo maana mkiwa sita mna nguvu ya kupatana bei ambayo wapenzi wawili hawana. Na kwa sababu hiyo hiyo, mwananchi mwenye fedha ya ziada aongeze usiku mmoja mbuga ile ile badala ya kuongeza mbuga nyingine: gharama inayoongezeka ni ndogo, na asubuhi anayoipata ni nzima.

Sasa hiyo theluthi. Tumeziona ratiba nyingi za bei ya chini na mahali zinapokatwa hapabadiliki sana. Kwanza ni neno "Ngorongoro" lenyewe: mara nyingine maana yake ni kusimama ukingoni mwa kreta, kupiga picha na kuendelea, bila kushuka. Hakikisheni imeandikwa "kushuka kreta". Pili ni mahali pa kulala. "Serengeti" ikiwa na usiku wa Karatu, mji ulio nje ya hifadhi, kabla na baada, mtaiona mchana tu. Tatu ni gari: kreta haiingiliki kwa Noah wala Hiace, kwa hiyo mtahamishwa, na gari la kuwahamishia mtalilipia. Nne, VAT imewekwa pembeni kwa maandishi madogo. Tano, kampuni inawaunganisha na watu wengine. Si vibaya, ila mjue mtakuwa wangapi na kama kila mtu ana dirisha. Land Cruiser iliyorefushwa hubeba saba, na huyo wa saba hukaa mbele na dereva, ambako paa halinyanyuki.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Kibali cha Serengeti ni cha saa 24 kwa kuingia mara moja, na saa huanza kuhesabiwa mnapoingia. Dereva mjuzi hupanga muingie geti la Naabi kama saa 7 au 8 mchana: mnapata jioni ya leo na asubuhi ya kesho, nyakati mbili bora kwa kibali kimoja. Mkiingia saa 4 asubuhi, kesho yake asubuhi mtakuwa mnakimbia kurudi getini huku mkiwapita simba. Na mkizidisha muda, mfumo utadai siku nyingine, hata kama sababu ni pancha. Nani atalipa? Liandikwe kwenye mkataba, pamoja na matairi ya akiba mawili.

SWALI: Niko Mwanza. Kila kampuni ninayoipigia inanitaka nifike kwanza Arusha. Hakuna njia fupi? — J.M., Nyegezi

Ipo, na ni ajabu watu wa Kanda ya Ziwa hawaitumii zaidi. Geti la Ndabaka liko kando ya barabara ya lami ya Mwanza–Musoma, kama kilometa 140 kutoka kwako. Kutoka hapo hadi Seronera ni saa tatu hadi nne kupitia Ukanda wa Magharibi, na njia nzima ni mbuga yenyewe, kwa hiyo muda wa barabarani haupotei. Ukiingilia huku hulipi Ngorongoro hata senti.

Msimu ndio wa kuangalia. Udongo wa huku ni mweusi wa mbuga, ule unaonata ukilowa. Masika gari hukaa na haliondoki bila trekta. Mwanzoni mwa kiangazi, Mei ikiisha na Juni, nyumbu hupita maeneo ya mto Grumeti, nawe utakuwa karibu nao kuliko aliyetoka Arusha. Mbung'o wapo wa kutosha.

SWALI: Sisi ni marafiki wanne Nairobi. Agosti tunataka Maasai Mara siku tatu usiku mbili, tumeona pakeji za vani za bei poa sana. Wanasema tutaona nyumbu wakivuka mto. Na je, kwa kuwa Serengeti iko ng'ambo tu, tunaweza kuvuka tukaiona pia? — Brayo na wenzake, Umoja

Tuanze na la mwisho. Hapana. Kivuko cha Sand River kati ya Mara na Serengeti kimefungwa kwa watalii tangu 1977. Anayetaka zote mbili hutoka Mara, huzunguka hadi Isebania, huvuka mpaka upande wa Sirari, kisha huingia Serengeti kwa geti la Tanzania akiwa na gari la Tanzania. Ni siku nzima. Kwa siku tatu msijaribu.

Pakeji ya siku tatu kwa vani huenda hivi: mnaondoka Nairobi saa 1 au 2 asubuhi, chakula cha mchana Narok, mnafika kambi ya nje ya geti la Sekenani au Talek alasiri. Hapo ndipo penye ujanja. Tiketi ya Mara huhesabiwa kwa siku ya saa 12, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, kwa anayelala nje ya hifadhi. Mkiingia jioni ya kwanza kwa saa mbili mmekula tiketi nzima. Siku ya pili tiketi nyingine, na asubuhi ya tatu nyingine. Kwa raia si mzigo mkubwa, lakini kwa mgeni, ambaye tangu 2024 hulipa dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba, ni mzigo hasa. Kwa hiyo pakeji za bei poa huifuta jioni ya kwanza au asubuhi ya tatu bila kusema, na "siku tatu Mara" inabaki siku moja. Ulizeni: tiketi ngapi zimo kwenye bei?

Kama ni mbili, jioni ya kwanza muiache, mlale mapema, mtumie siku ya pili yote na asubuhi ya tatu.

Kuhusu kuvuka mto: hakuna binadamu anayeweza kuahidi. Makundi huweza kusimama ukingoni tangu asubuhi hadi jioni na kugeuka. Mnachoweza kununua ni nafasi ya kuwepo, na kutoka Sekenani hadi mto Mara ni mwendo mrefu wa kuikata hifadhi, hivyo siku ya pili lazima iwe ya kutwa, na chakula kwenye boksi. Ratiba inayowarudisha kambini kula saa 7 mchana haitawafikisha mtoni.

Vani ya paa la kunyanyua inafanya kazi Agosti kukiwa kukavu. Mvua ya usiku mmoja ikinyesha, mtaisukuma. Mkiwa wanne, pigeni hesabu ya Land Cruiser ya kwenu peke yenu. Mkiongeza rafiki mmoja au wawili tofauti hupungua sana. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi kwenye hifadhi za Kenya tangu Juni 2020. Bebeni chupa za kujaza.

SWALI: Assalaam alaykum. Tunaishi Muscat, tunakuja Zanzibar Julai kwa jamaa, mimi, mke wangu na watoto wa miaka 7 na 11. Hotelini wanauza safari ya ndege ya siku moja kwenda Hifadhi ya Nyerere. Inafaa, au twende Serengeti siku tatu? Na chakula cha halali kinapatikana? Mimi mwenyewe nimezaliwa Malindi, Unguja. — S.H., Muscat

Waalaykum salaam. Kuzaliwa Malindi hakukusaidii getini, ndugu yetu; mwenye pasipoti ya Oman hulipa kama mgeni, na Tanzania haina uraia pacha. Watoto wa umri huo wana kiwango chao, kidogo kuliko chenu.

Hiyo ya siku moja inafaa kwa mtu mwenye siku moja. Mnaruka alfajiri, mnaanza kuzunguka hifadhi asubuhi ikiwa imekwenda, na mchana wa jua kali simba wamejificha. Kinachoiokoa ni mashua ya mto Rufiji: viboko na mamba hawana pa kwenda mchana, ndege wa majini wamejaa kingoni. Ratiba isiyo na mashua msiichukue. Mkiweza kulala usiku mmoja tu, tofauti ni kubwa, kwa sababu mnapata jioni na alfajiri. Julai ni kiangazi na wanyama wanakusanyika majini. Nyerere pia ni mahali pazuri pa kutafuta mbwamwitu.

Serengeti Julai, siku tatu kwa ndege, ni safari ya daraja jingine na bei nyingine. Hapo lipo kosa moja la kukwepa. Julai makundi makubwa yanaelekea kaskazini, na uwanja wa ndege wa huko ni Kogatende, karibu na mto Mara. Ukiuziwa "Serengeti" iliyo Seronera, uko saa nne na zaidi za gari kutoka mtoni. Seronera ina simba na chui mwaka mzima, hatuidharau, ila ujue unanunua kipi. Ukiwa na tarehe za kuchagua, mwisho wa Julai una nafasi nzuri ya kuvuka mto kuliko mwanzo wake.

Ndege ndogo hizi huruhusu kilo 15 kwa mtu, mkoba wa mkononi na kamera vikiwemo, na begi liwe laini. Sanduku gumu la magurudumu litabaki Zanzibar. Mizigo mingine muiache kwa jamaa. Asubuhi za Julai ni baridi kweli kwa waliotoka joto la Muscat. Sweta kwa kila mtoto, na la pili.

Nyama nyingi zinazouzwa Tanzania huchinjwa na Waislamu kwa desturi, hivyo kuku na mbuzi si tatizo kwa kawaida. Tatizo la kambi za kitalii ni nyama ya nguruwe ya kifungua kinywa kukaangwa kwenye bamba moja na mayai. Andikeni mapema: kikaango cha peke yake. Kwa sala, dereva anaweza kusimama kwenye maeneo ya mapumziko yanayoruhusiwa kushuka. Porini penyewe hakushukwi kwenye gari. Adhuhuri na alasiri msafiri ana ruhusa yake ya kukusanya.

Mwisho, ulizeni umri wa chini wa watoto. Kambi za mahema zisizo na uzio mara nyingi huweka mipaka, na zingine hazimpokei wa miaka saba.

SWALI: Kampuni imeandika "Wanyama Wakubwa Watano, uhakika asilimia 100". Ni kweli? — Msomaji, Tanga

Si kweli. Simba, tembo na nyati, kreta ya Ngorongoro itakupa siku nyingi. Faru weusi wapo humo, ila mara nyingi utamwona kwa darubini, kijidoa kijivu mbali majanini. Chui ni bahati. Twiga kretani hutamwona kamwe, kuta zake zinamkataza. Kama shida yako ni faru hasa, Hifadhi ya Ziwa Nakuru kule Kenya imezungushiwa uzio na faru ni wengi. Na kwako wewe wa Tanga, Mkomazi ina hifadhi yao maalumu na iko jirani.

SWALI: Baba yangu ana miaka 74, ana presha na mgongo unamsumbua. Ndoto yake ni kuona Ngorongoro. Ndugu wanasema tusimpeleke. — Mtoto wa mzee, Dodoma

Apelekwe, lakini pakeji ifuate mgongo wake. Kutoka Arusha hadi geti la Lodoare ni lami tupu, na Karatu iko njiani, kama kilometa 140 tu. Mlale Karatu usiku mbili, kitanda kimoja bila kuhamahama. Siku ya kati mshuke kreta na kurudi. Serengeti kwa barabara msiitie. Hiyo ndiyo itakayomuumiza. Akiitamani, iwe kwa ndege.

Ndani ya gari akae safu ya kwanza nyuma ya dereva. Viti vya nyuma viko juu ya ekseli na kila shimo hupokelewa na uti wa mgongo. Mto mdogo kiunoni husaidia kuliko dawa. Gari liwe lenu peke yenu, ili dereva aende kwa mwendo wa mzee asisukumwe na vijana wanaotaka duma.

Vyoo ndicho kitu ambacho hakiandikwi kwenye pakeji. Vipo getini na kwenye maeneo ya mapumziko, na kati yake zinaweza kupita saa mbili. Kama dawa yake ya presha ni ile ya kuongeza mkojo, mwulizeni daktari wake kabla ya safari kama siku ya kreta anaweza kuichelewesha hadi mtakaporudi. Msiamue wenyewe. Dawa zote zikae mkobani mwake, si kwenye begi la nyuma. Ukingo wa kreta uko juu ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari: baridi, na ngazi chache tu zinatosha kumkata pumzi. Loji nyingi zimejengwa kwenye miteremko, hivyo ombeni chumba kilicho karibu na sehemu ya kulia chakula, na mpate jibu kwa maandishi. Uanachama wa uokoaji wa ndege wa AMREF Flying Doctors nao ni wa kufikiria kwa umri huu.

SWALI: Kampuni inataka tulipe nusu kupitia namba ya simu ya mkurugenzi. Tufanyeje? — Wanandoa watarajiwa, Mbeya

Msilipe hapo. Kampuni halali ya Tanzania ina leseni ya biashara ya utalii, ambayo watu bado wanaiita TALA, na ina akaunti ya benki kwa jina lile lile lililo kwenye leseni. Ombeni nakala ya leseni ya mwaka huu, lihakikisheni jina lake kwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, na mkitaka zaidi ulizeni TATO, chama cha kampuni za utalii, kama ni mwanachama. Kwa Kenya leseni ni ya Tourism Regulatory Authority na chama ni KATO. Jina la leseni, la akaunti na la ankara yakipishana hata neno moja, simameni.

Malipo ya awali ya asilimia 30 ni ya kawaida. Kabla ya kuyatoa muwe na karatasi yenye majina ya loji au kambi, si "au inayofanana nayo" peke yake. Hicho kijisentensi ndicho kinachowahamisha watu kutoka ndani ya hifadhi hadi kijijini. Iandikwe aina ya gari, vilivyomo na visivyomo, na fedha inayorudi mkiahirisha siku 30 kabla, au siku 7 kabla. Kisha pigieni simu loji moja iliyotajwa, muulize kama kuna nafasi iliyowekwa kwa majina yenu. Wiki moja baada ya malipo iwe imeshawekwa.

SWALI: Tunataka kupiga kambi Simba A pale ukingoni Ngorongoro, Julai. Tubebe nini? — Klabu ya wanafunzi, Arusha

Kabla ya chakula, fikirieni baridi. Julai usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, ukungu hulowesha hema, na godoro jembamba la sponji hupitisha ubaridi wa ardhi moja kwa moja. Kila mtu awe na mfuko wa kulalia mzito, mkeka wa povu chini yake, kofia ya sufu na soksi za akiba zisizovaliwa mchana. Mkikodi mifuko ya kulalia, ifungueni dukani mjaribu zipu. Zipu mbovu ndiyo malalamiko ya kwanza ya kila kikundi.

Chakula chote, pamoja na dawa ya meno na sabuni yenye harufu, kilale jikoni au ndani ya gari, kamwe si hemani. Fisi na nguruwe pori huzunguka kambi usiku, na tembo huja kunywa maji. Hema lifungwe hadi chini. Anayekwenda chooni atoke na mwenzake, amulike kwanza pande zote, akiona macho yanang'aa arudi. Gesi ya kupikia mjaze Karatu, na petroli vilevile. Mpishi wa kukodi kwa kikundi cha kumi anastahili gharama yake: mnapanga kushuka kreta geti linapofunguliwa saa 12, na mtu wa kuamka saa 10 usiku kuchemsha chai hapatikani kwa kujitolea.